Paa moja na mkwe

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Muhungu umelowa, na mimi sina hamu hata ya chai.

Maman, mama yangu mzazi, amerudi kwake Katana.

Chumba nilichomjengea kando ya nyumba yetu kiko kitupu. Shuka nilizomtandikia hazina hata kunyanzi.

Nilikichora mwenyewe, na nilijivuna kweli. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko, hakina nafasi ya kuchezea, lakini kila kitu kiliingia: kitanda, choo cha karibu kwa ajili ya magoti yake, rafu ya rozari na redio, dirisha linalotazama ziwa. Mlango wake peke yake. Ukuta wake peke yake. Paa tu ndilo nililolivuta kutoka nyumba kubwa, mabati yakashuka mpaka kwake, ili maji yote yaende kwenye mfereji mmoja. Nikajiona mjanja.

Tangu aanguke jikoni kwake na kubaki chini mpaka jirani alipopita, mimi silali vizuri. Nilitaka awe karibu, nimsikie hata akikohoa.

Jana alifika. Akapapasa kuta, akakalia kitanda, akanibariki. Halafu akatoka nje, akainua macho, akayafuata mabati kutoka paa letu mpaka lake. Akaketi kwenye ngazi na mfuko wake mapajani.

« Mutoto yangu, nyumba iko muzuri. Lakini manjanja iko moja. Siwezi lala chini ya manjanja moja na bwana yako. »

Kwetu mama halali chini ya paa moja na mkwe wake. Nalijua hilo tangu utotoni! Si ndiyo sababu nilijenga nje? Nilifikiria milango, nikafikiria kuta, paa nikalisahau. Wala sikumwuliza, eti nataka kumshangaza.

Mume wangu, maskini, alijitolea kwenda kulala kwa kaka yake. Maman akazidi kuona haya. Alilala kwa jirani yetu mjane, na leo baada ya misa akapanda gari.

Ninaumia. Neno moja tu la kumwuliza kwenye simu lingetosha.

Nimempigia fundi. Kesho atakata mabati, kila nyumba ibaki na paa lake na upenyo katikati. Ananionya kwamba mvua itapita hapo na kupiga ukuta wa jiko langu mpaka uoze.

Uoze.

Mvua na inyeshe kati yetu, mradi Maman alale hapa.