Kikapu cha Fenesi

Miagao, 3 Agosti 2011

Mwanangu Delfa,

U hali gani huko Manila? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila bado napakua sahani mbili, moja ya marehemu baba yako.

Jana tulikaa mbele ya wazee wa mtaa. Mawakili hawaruhusiwi. Baba yako mkubwa Crispulo alisema kiwanja ni chake, sisi alituweka tu. Nikajua nyumba imekwenda. Mara akalegea: "Basi shemeji, kaa. Ila kila sikukuu ya mtakatifu wetu niletee kikapu cha fenesi, kama alivyoniletea marehemu."

Wazee wakafurahi. Mimi nikamtazama machoni. Miaka yote alilalamika kwamba fenesi letu lina utomvu kama gundi. Leo analitakia nini? Nimeomba muda.

Mama yako

Manila, 14 Agosti

Mama, shikamoo. Kifua kimepona.

Usikubali! Chuoni tunafundishwa kuwa hoja za kisheria ni kama dama: kabla hujasogeza kete, jiulize mwenzako atajibu nini. Ukipeleka kikapu, mwakani atasema ni kodi, na mlipa kodi si mwenye nyumba. Ukikataa, atasema huna shukrani, uondoke. Kote anakula yeye. Tafuta hatua ya tatu, mimi sijaiona.

Baba alipeleka kwa mapenzi. Huyu anayageuza ushahidi.

Mwanao Delfa

Miagao, 23 Septemba

Mwanangu Delfa,

Hujambo? Mimi sijambo, miguu tu.

Jana, sikukuu, sikupeleka kikapu. Nilipika fenesi bichi kwa mbaazi na nguruwe, nikawaalika wale wazee, nikamtumia Crispulo salamu kuwa fenesi lake liko mezani kwangu. Akaja, akasimama mlangoni.

"Shemeji, kikapu kiko wapi?"

"Chakula kinapoa."

Mzee mmoja, mdomo umejaa, akamtania: "Vipi, Crispulo, unangoja ubebwe?"

Aliitazama sahani ya baba yako. Akavua kofia. Akapiga hodi.

Wazee wakaacha kutafuna. "Haya," yule mzee akasema, "nani hupiga hodi kwake mwenyewe?"

"Karibu, shemeji," nikamjibu.

Leo asubuhi amewaambia wazee hadai tena. Kama aliteleza au alikusudia, sijui, na bado simwamini. Ila alikula sahani mbili, na utomvu hakuutaja.

Jumapili ukimwashia baba yako mshumaa, nami unikumbuke.

Mama yako