Maua Niliyokata Shambani kwa Godé

Jumamosi, 10 Januari

Kupalia kumeisha. Mugongo unauma. Udongo nimeupandisha kwenye miguu ya mahindi yote, upepo usiyaangushe. Mbolea ya mbuzi iliingia mwezi jana. Mvua iko, jua liko. Yamenipita urefu.

Bibi yangu Godé, mama wa watoto wangu, yuko Nyunzu kwa dada yake aliyezaa. Shamba ni lake. Mimi ni muntu wa bandari, na bandari haina kazi. Kabla ya kupanda treni alisema: palia, pandisha udongo, kingine usiguse.

Leo nimegusa. Maua yametoka juu ya kila muti. Baba yangu kule Mpala alilima tumbako. Ua likitoka, analikata, nguvu irudi kwenye majani. Nikaona ni kazi ileile. Nimekata yote, mpaka mupaka wa jirani, Mama Feza. Nguvu ishuke kwenye magunzi. Maua yameliwa na mbuzi. Godé atashangaa. Kitambo sijafurahi hivi.

Jumatano, 14 Januari

Godé amerudi. Aliweka muzigo chini, akaenda shamba mbele ya kula. Akarudi akauliza nani amekata maua. Nikasema sijui.

Sijui. Mimi.

Alieleza akilia. Ua la juu njo dume. Unga wake unaanguka kwenye ndevu za hindi. Kila unywele unalisha punje moja. Bila unga, gunzi tupu. Miaka yote nakula bukari yake, ugali wa mahindi haya, na hii sikuijua. Tutakula nini, sisi na watoto wa binti yetu Jeanne waliobaki kwetu?

Kisha akaenda kwa Mama Feza. Mwaka jana waligombana juu ya mupaka. Nilisikia nikiwa nyuma ya nyumba.

"Wivu yako itakupa nini?" Godé aliuliza.

"Mama Jeanne, maua yako niyafanyie nini? Nisukie nywele?"

Watu walicheka. Godé hakucheka. Alimwita muchawi. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 16 Januari

Nimekutana na Mama Feza kwenye bomba ya maji. Alisema bila hasira, na hiyo njo iliniumiza.

"Papa Jeanne, ndevu zenu zingali mbichi. Maua yangu yangali na unga. Bibi yako angeniomba, ningemukatia, akungute asubuhi kabla jua halijawa kali. Mahindi mengi yangepona. Lakini mimi ni muchawi. Muchawi haombwi."

Nilijaza bidoni mpaka ikamwagika.

Nyumbani, tukila, nilisema tu, tungeomba maua kwa Mama Feza. Godé akasema heri njaa. Ningesema pale. Neno moja. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 18 Januari

Niliungama kwa padri. Akasema nenda umwambie bibi yako. Nilijua atasema hivyo. Nilitaka aseme kingine.

Mvua kutwa. Mvua inaosha unga.

Ndevu zinazidi kurefuka. Godé anasema zikikosa unga zinaendelea kurefuka, zinautafuta. Wapita njia wanatusifu: Papa, mwaka huu mutavuna. Naitika asante. Mimi ni mwoga. Nimeandika.

Jumatano, 21 Januari

Nimesema ni mimi. Ilikuwa asubuhi, Godé alikuwa anapepea makaa ya mbabula. Hakuacha kupepea.

"Tumbako," alisema. "Ulifikiri nalima majani?"

Kisha akafunga kitenge, akaenda kwa Mama Feza. Nilimufuata. Alipiga magoti mbele ya watu walewale waliosikia. Alipiga yeye, si mimi. Nilipotaka kupiga magoti na mimi, Mama Feza akasema inuka Papa, twende kabla jua halijawa kali.

Akainamisha ua moja, akalikunguta juu ya kiganja cha Godé. Hakuna kitu. Lingine. Hakuna. Yamekauka. Tulizunguka shamba lake lote, wanawake mbele. Godé alikuwa anafungua kiganja, anakifunga.

"Ijumaa yalikuwa nao," Mama Feza alisema. Alinitazama. Hakumwambia Godé kwamba Ijumaa alinieleza. Nikasema mwenyewe. Njiani Godé alitembea mbele.

Jumamosi, 14 Februari

Tumevunja mahindi. Yale ya kando, karibu na Mama Feza, yamejaa. Upepo ulileta unga wake. Ya katikati, punje tatu, punje tano, kama meno ya muzee. Mengine tupu, meupe.

Ya kando yalijaa kitunga kimoja. Mama Feza alikuja kusaidia. Walikaa kwenye mukeka wakimenya, wakiongea juu ya mutoto wa Nyunzu. Mimi nilikata mabua, nikapelekea mbuzi.

Godé aliniita nimutwike kitunga. Nikamutwika.

"Asante, Papa," alisema, kama muntu anamushukuru mupita njia. Akaenda.

Nilirudi kwenye mabua.