Wiki Sita Bila Kitunguu

Laini ya Juu, Nyumba Na. 14,
Kericho.
Jumapili, 12 Oktoba.

Kwa Dada yangu mpendwa Mongina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Shemeji Okemwa na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepoa. Je, ng'ombe alishazaa? Hapa kwetu sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa mvua tu. Inaanza kila siku saa nane kamili, utadhani nayo imeandikwa kazi na kampuni.

Najua umeshtuka kuletewa barua ya karatasi na Nyamwange, huyo muuza ndizi wenu wa Chepilat, kama watu wa enzi za Nyanya. Usiogope, hakuna aliyekufa. Ni kwamba simu yangu inakaa kwenye mfuko wa koti la Baba tangu mwisho wa Agosti. Anasema inanipotezea akili kabla ya intavyu. Ukipiga anashika yeye, anakwambia Gesare anasoma. Dada, mimi sisomi. Mimi ninakunywa chai na kuitema.

Wacha nikueleze taratibu. Kampuni inatafuta mtu mmoja wa kufundishwa kazi ya kuonja chai kiwandani. Mwonjaji ndiye anasema kila asubuhi kama chai ya jana ni nzuri ama imeharibika, na akishasema, hata meneja hana la kuongeza. Intavyu ni keshokutwa, Jumanne, saa tatu asubuhi. Nawe unajua Baba anastaafu Desemba. Nyumba hii ni ya kazi yake, si yetu. Desemba ikiisha ufunguo unarudi ofisini, isipokuwa kama kuna mtoto wake ameandikwa kazi, hapo nyumba inahamia kwa jina la mtoto. Wewe umeolewa. Mtoto aliyebaki ni mimi. Na ile nyumba ya Nyanya huko Nyamira unaijua, tangu azikwe hakuna aliyelala ndani isipokuwa kuku wa jirani.

Utauliza kwa nini mimi, na form four yangu ile ya kuficha. Ni ile hadithi ya mkanda. Nilikuwa na miaka kumi, Baba akatoka kazini, nikamkumbatia nikamwambia koti lake linanuka raba. Akarudi kiwandani mbio, wakakuta mkanda wa mashine ya kukausha umeanza kuungua, na chai yote ya siku hiyo ingeharibika. Baba ameisimulia hadithi hiyo miaka kumi na minne bila kuchoka. Mwaka huu akaisimulia kwa meneja wa kiwanda mwenyewe, akiwa ameshika kofia mkononi, na meneja akacheka, akasema mlete huyo msichana tuone hiyo pua. Hivyo ndivyo jina langu liliingia kwenye orodha.

Basi Baba akaenda kwa Kipkurui, yule jirani wa namba 16, ambaye kazi yake ni kuosha vikombe na kumimina maji kwenye chumba cha kuonjea. Akamuuliza waonjaji wanaishi vipi. Kipkurui akamwambia hawali kitunguu, hawali kitunguu saumu wala pilipili, hawajipaki mafuta yenye harufu, hawaogi na sabuni ya kunukia. Baba akarudi nyumbani na sheria. Dada, ni wiki sita sasa kitunguu hakijaingia nyumba hii. Sukuma tunachemsha na chumvi. Samaki wa omena tumesahau. Stovu ya mafuta ya taa aliitoa nje, akampa mtu. Naoga na kipande cha sabuni ya kufulia, ngozi imekuwa kama ya mamba, na Baba ananiangalia kwa furaha.

Ungekuwa ni wazimu wa Baba peke yake ningevumilia. Lakini laini nzima, nyumba zote za wafanyakazi, imeingia. Mama Cheptoo wa hapo kando, unajua vile anapenda kukaanga, amehamisha jiko lake nyuma ya choo, ananyeshewa huko akipika, eti asiniharibie pua. Amenipa blauzi yake ya kanisa na viatu, na ananifundisha namna ya kukaa mbele ya wahojaji, magoti pamoja, mikono isichezecheze. Na Sabato iliyopita, haki ya Mungu, Mzee Nyang'au aliniita mbele ya kanisa, akaniwekea mkono kwenye pua na kuiombea kwa dakika tano. Mkono wake ulikuwa na jasho. Watu walisema Amina kwa nguvu, wengine wakilia. Nami nililia, na kila mtu akafikiri ni Roho.

Kila jioni tunafanya mazoezi. Kipkurui anatuletea chai kidogo kidogo kwenye bahasha, Baba anaitengeneza kwenye vikombe vitano vyeupe vya kanisa, anafunika dakika sita kwa saa yake ya mkono. Kimoja kati ya hivyo vitano ni kibovu, chai yake imeharibika. Huwezi kukijua kwa macho, rangi ni moja. Lazima uiname unuse, uvute kijiko kwa kelele mpaka hewa iingie puani, uteme kwenye mkebe, ndipo useme. Na mimi nikawa nakipata. Siku ya kwanza nilikipata, siku ya pili nikakipata, wiki nzima. Baba akawa anatoka nje kuwaambia majirani, na Mama Cheptoo anapiga vigelegele.

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, mlango nimeufunga, maharagwe yakiwa jikoni nyuma ya mgongo wangu, nami nimeinamia karatasi za maneno ya kuonja alizoniletea Kipkurui. Nikasikia Mama Cheptoo anapiga kelele kwamba kwetu kunaungua. Kabla sijasimama Baba akaingia kutoka kazini. Aliangalia sufuria, akaniangalia mimi niliyekaa hatua tatu kutoka hapo. Alichukua sufuria kwa kitambaa akaitoa nje, akaisugua mwenyewe na mchanga, kwenye mvua, akiwa na yunifomu.

Sasa Dada, kaa chini. Mimi sisikii harufu. Tangu ile homa ya Mei, niliyokwambia ni mafua tu, pua yangu imekufa. Chumvi ninaijua, sukari ninaijua, uchungu ninaujua, basi. Chai kwangu ni maji ya moto yenye uchungu. Nilidhani itarudi baada ya wiki, baada ya mwezi, na Baba alipokuja na habari ya meneja, uso wake uking'aa vile sijauona tangu Mama atuache, nikasema moyoni itarudi kabla ya siku yenyewe. Kisha vitunguu vikakoma, kisha Mama Cheptoo akahama na jiko lake, kisha kanisa. Kila mtu aliyenisaidia alinifungia mlango mwingine. Nimwambie nani, na wote wamejinyima?

Utauliza nilikuwa nakipataje kikombe kibovu. Kwa uso wa Baba. Unamjua, hana siri. Nikifika kwenye kile kibovu anameza mate. Nilikuwa nainama, nanusa kwa madaha yote, nikiangalia koo lake kwa pembe ya jicho. Nilimdanganya baba yangu kwa kutumia koo lake mwenyewe.

Siku ya pili baada ya sufuria, alipanga vikombe kama kawaida. Safari hii nilipofika kikombe cha nne, Baba aligusa kofia yake. Sikuelewa, nikapita. Akanirudisha, akasema tuanze upya, nami nilipofika cha nne akagusa kofia tena, akiangalia ukutani. Nikasema ni hicho. Akasema vizuri sana. Jana yake alikuwa baba mwenye binti wa pua; sasa tulikuwa wezi wawili mezani, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Jioni iliyofuata, kofia tena. Nilitamani anipige kofi nipumzike.

Juzi Ijumaa ndiyo ilinimaliza. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu, akasema, kama mtu anayeongea na kiatu, kwamba siku ya intavyu anayemimina maji chumbani atakuwa Kipkurui. Kisha akasema wamiminaji maji huvaa kofia nyeupe. Akaondoka kwenda kazini.

Dada, Kipkurui ana watoto watatu na nyumba yake ni ya kazi kama hii yetu. Wakimkamata anagusa kofia, hatangoja Desemba. Na tuseme nimepita. Baada ya Jumanne kuna Jumatano, na kila asubuhi vikombe hamsini, na kofia ya nani nitaiangalia mpaka nizeeke? Nililia kwenye shamba la chai mpaka kwikwi. Naona aibu kukuandikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikiingia kile chumba nimemtia Kipkurui shimoni, nisipoingia nimemtoa Baba nyumbani kwa mkono wangu.

Leo asubuhi Nyamwange amepita na mzigo wake, akasema jioni akirudi ataichukua barua hii, na chini ya ndizi alikuwa na vitunguu. Nikanunua viwili vikubwa. Akacheka, akauliza kama mfungo umeisha, maana habari imefika mpaka Chepilat. Nikavikata, nikaviweka kwenye mafuta, nikasimama juu ya sufuria nikivuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Hakuna. Machozi tu ndiyo yalikuja, na hayo hayahitaji pua.

Baba alikuwa nje anapiga soga na Mzee Nyang'au. Alinyamaza katikati ya neno. Akaingia, akasimama mlangoni, na nikaona kifua chake kikipanda, Dada, kikipanda kama mtu aliyetoka majini. Nilimgeukia nikamwambia sitaki kofia ya Kipkurui. Sikuwa nimepanga maneno hayo, yalitoka yenyewe. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Mei. Akasema mbona sikumwambia, nikamwambia niliogopa furaha yake. Akaja akachukua mwiko mkononi mwangu, akakoroga, akasema vinaungua hivi. Akatia sukuma mwenyewe. Tulikula, yeye sahani mbili, na alipomaliza alitoa simu yangu kwenye koti akaiweka mezani kando ya sahani.

Kwa hiyo ningeweza kukupigia sasa hivi. Lakini barua nilikuwa nimeshaianza, na mambo haya mdomo wangu hauyawezi. Jumanne nitaenda, nitavaa ile blauzi, niwaambie kwa kinywa changu kwamba sisikii harufu, ili pasiwe na wa kumshuku Kipkurui. Baba amesema atanisindikiza mpaka getini. Sijui nitamwambia nini Mama Cheptoo.

Ombi langu ni moja. Wewe na Shemeji mkipata nafasi, fikeni kwa Nyanya mtoe hao kuku, mfagie, na mtazame bati lile la upande wa jikoni kama litavumilia mvua ya Desemba. Msimwambie Baba kuwa nimeomba. Mwacheni afike akute kumefagiliwa.

Nisalimie Shemeji, wabusu watoto, na Nyamwange mpe chai kabla hajaondoka, ametembea na mzigo. Mungu awalinde mpaka tutakapokaa tena kwenye kizingiti kimoja.

Ni mimi mdogo wako,
Gesare Mageto.

Nyongeza: Baba amepita hapa mezani, anasema karatasi yote inanuka vitunguu. Inuse, uniambie kama ni kweli.