Sekunde tano za mkwe wangu

Ndugu yangu, naapa kwa pensheni yangu, leo sijatia chumvi hata punje.

Unalijua lile jitu lililomuoa binti yangu likahamia kwangu. Kompyuta yake ina mfumo endeshi mmoja tu, lakini kila ikiwashwa inaleta menyu, inangoja sekunde tano uchague. Uchague nini, na mfumo ni mmoja?

Jana akiwa bafuni nikaifuta hiyo menyu. Na mstari wa chini yake nikaugusa kidogo.

Leo asubuhi, dakika kumi kabla ya usaili wake wa kazi wa mtandaoni, kioo cheusi. Cheusi tii!

“Baba, umeigusa?”

“Mimi? Labda umeme.”

Akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi, akafungua faili la kuwashia, akalisoma kwa sauti mbele ya mke wangu: “Limerekebishwa na Babu Fundi. Mjinga asiguse.”

Mjinga asiguse! Babu Fundi ndiye mimi, niliyaandika mwenyewe!

Mke wangu akasema, “Mpe yako. Sasa hivi.”

Ile yangu mpya, ndugu yangu! Nikampa.

“Nenosiri, baba?”

 Dakika zinakwenda, mke wangu kanikazia macho.

Nikamtajia: mkwemzembe, herufi ndogo, yote pamoja.