Sauti ya Mfano

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka kampuni ya santuri. Tepu za ule wimbo zimepatikana ghalani, zikiwa nzima. Albamu yote itatolewa upya. Fundi mitambo wao anaandika kwamba kila sauti sasa imetengwa peke yake, na kwamba "tumeshangazwa na ubora wake". Alhamisi, saa nne asubuhi, niende nikasikilize. Kisha nijaze fomu: nani aliimba nini. Nitie sahihi.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilishika kalamu nikasahihisha mkato wake mmoja uliokaa vibaya. Hivyo ndivyo ninavyoogopa.

Jumanne, 5 Machi

Niandike jambo lenyewe, kwa kuwa sijawahi kuliandika popote.

Miaka thelathini na moja nimeitwa malkia wa muziki wa soul kwa ajili ya sekunde kumi na moja: ile sauti ya mwisho ya wimbo ule, inayopanda, inayopasuka kidogo, inayokataa kushuka. Si yangu. Ni ya mdogo wangu, Chiriku — jina la utani alilopewa na baba kwa kutonyamaza — ambaye siku ile alikuwa mwitikiaji tu. Mimi nilishindwa mara tisa. Fundi wa wakati ule akamwomba Chiriku aimbe sauti ya mfano: kielelezo cha kunionyesha njia, ambacho hufutwa mwimbaji akishaiweka yake. Aliimba mara moja, akaondoka mbio kuwahi kazi yake ya ushonaji. Nikajaribu mara ya kumi. Ya kumi na moja. Fundi akanitazama.

"Tuiache hii hii?"

Sikujibu. Nilichukua mkoba wangu. Kutojibu ni jibu. Nililijua hilo hata wakati ule.

Jukwaani, kila nikifika pale, huwageuzia watu kipaza sauti waimbe wao. Magazeti yaliuita ukarimu. Mimi, ambaye huwaandikia wahariri kwa sababu ya tarehe iliyokosewa, hilo sikuwahi kulisahihisha.

Jumatano, 6 Machi

Chiriku amekuja kutundika mapazia aliyonishonea. Juu ya kiti, pini mdomoni. Akaiona barua mezani. Sikuwa nimeificha — au nilikusudia kusahau kuificha; sina hakika, na ukosefu huo wa hakika haunipi sifa.

"Kesho tunakwenda wote, Dada."

"Una kazi."

"Mapazia yatanisubiri, hayana miguu. Nataka niisikie ile sauti yako ikiwa uchi, bila ngoma wala magitaa."

Nikamwambia atoe pini mdomoni asije akaimeza.

"Haya, umeanza. Tangu utotoni, ukibanwa tu unajifanya mama."

Akashuka. Akanywa chai. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya uzi, jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Unajua kwa nini niliacha kuimba? Watu wanadhani ni mume. Wanamwonea bure, maskini. Ni wewe. Santuri ilipotoka nilikaa jikoni na redio, nikasikia ulivyoichukua ile niliyokuonyesha ukaigeuza kitu kingine kabisa. Nikasema, mimi na huyu ni mbingu na ardhi. Nikarudi kwenye cherehani yangu."

Alicheka. Hana kinyongo hata chembe. Hakuna aijuaye sauti yake mwenyewe kama wengine wanavyoisikia, na sisi tumetoka tumbo moja. Mama mwenyewe alikuwa akituchanganya tukibisha hodi.

Kwa hiyo alijisikia mwenyewe, akajiona hafai mbele ya nafsi yake, na akanyamaza. Kwa heshima yangu.

Nafasi nilikuwa nayo. Nyumba ilikuwa tupu, chai bado ya moto. Nikafungua mdomo nikasema kwamba pazia la kushoto limeshuka kidogo.

Lilikuwa limenyooka. Akapanda kiti tena, akalirekebisha.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne na robo. Ninaandika koridoni, nje ya chumba cha mitambo. Nilisema ninakwenda kunywa maji. Fundi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamvalisha Chiriku hedifoni mahali pangu. Akamwambia, haya mdogo mtu, tuanze nawe.

Kupitia kioo ninaona, sisikii. Chiriku anatabasamu. Amefumba macho.

Ameyafumbua.

Amemwomba fundi airudishe. Imerudishwa. Sasa anavuta pumzi kabla ya sauti kuanza kupanda — naiona ikiinua mabega yake — na pumzi inaishia pale pale inapopaswa kuishia. Mwili unajua. Vidole viwili vimekwenda kooni, vinapapasa kama vinavyopapasa mshono.

Ameirudisha tena. Na tena. Mara ya nne.

Fomu iko pajani, chini ya daftari. Mwimbaji mkuu: jina langu, wameshalichapa wenyewe. Sauti ya mwisho haina mstari wake; lazima mtu auchore.

Nimeuchora. Umepinda.

Chiriku amevua hedifoni. Anamuuliza fundi jambo. Fundi anapekua karatasi zake, anatikisa kichwa, ananionyesha mimi kwa kidole. Chiriku amegeuka. Hana hasira, hasira ningejua la kufanya nayo. Ananitazama kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye anayeitwa.

Anakuja. Kitasa kinashuka. Mstari bado mtupu, na mimi, badala ya kuandika jina lake pale, ninaandika haya hapa —