Tangazo la Maji Yaliyoboreshwa

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Ningekuambia sisi hatujambo, kama barua zinavyoanza, ningekuwa mwongo. Mama yako amelazwa tangu jana, anaharisha na kutapika. Simu zako naziona na sipokei. Ukiwa na la kusema, andika, si ndiyo kazi yako? Dereva wa basi ataniletea.

Lile tangazo lenu la shirika la maji nililisoma mimi mwenyewe kwenye simu, kwa sauti, mama yako akisikiliza. "Kufuatia changamoto za miundombinu, huduma yako inapitia hatua mpya ya maboresho ya ubora." Akapiga vigelegele. Mwanangu kaandika! Miaka thelathini anachemsha maji ya kunywa, siku hiyo akazima jiko. "Yameshaboreshwa, nichemshe ya nini?"

Kumbe bomba la majitaka limepasuka na uchafu wake kuingia kwenye la maji. Daktari ndiye aliyetuambia, si wewe. Mimi nimechora mabango maisha yangu yote. Penye umeme naandika HATARI, USIGUSE. Siandiki kwamba ukuta unapitia changamoto!

Baba yako

Jumatano, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Tangu barua yako ifike sijaweza kula.

Lakini usinitupie mimi lawama zote. Niliandika "Msinywe maji haya". Mkuu wa kitengo akafuta, akasema nitawatisha wateja. Ningefanya nini, nipigane naye ofisini? Nikaambiwa tunga kitu cha kutuliza watu, nikatunga.

Nije? Naweza kupanda basi la kesho.

Binti yako

Ijumaa, 8 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri, usije. Hapa hakuna utakalofanya zaidi ya kukaa kwenye benchi la wodi na mimi.

Fundi cherehani, jirani yetu, naye amelazwa jana na wanawe wawili. Na tangazo lenu bado lipo palepale, linang'aa! Watu wanalisoma, wanafungua bomba, wanakunywa. Ukikaa kimya sasa utakuwa umekula njama nao. Tena nijibu kama mtoto wangu, si kama ofisi: huyo mkuu alifuta kweli?

Baba yako

Jumatatu, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia Mama anaendelea vizuri, hilo ndilo linaloniweka hai.

Hakufuta. Hakuna aliyefuta kitu. Nilitunga vile mwenyewe kwa dakika kumi, kwa sababu maneno ya namna hiyo ndiyo ninayosifiwa kazini, na mkuu akasema safi sana. Nilikudanganya kwa woga. Najichukia.

Leo asubuhi nimeweka jipya bila kumwuliza mtu: "Maji ya bomba yamechanganyika na majitaka. Usinywe wala usipikie kabla ya kuyachemsha. Ukiharisha, nenda hospitali leo." Kufikia adhuhuri lilikuwa limesambaa mji mzima, na mimi nimekwisha kunyang'anywa kitambulisho. Wamenifukuza kama mbwa, Baba, mlinzi akinisindikiza mpaka getini. Nimemtukana mkuu mbele ya watu wote na sijutii.

Kwa kuwa Mama ana nafuu, nabaki siku tatu niwabane walizibe lile bomba, kisha nije. Mwambie nitamwomba radhi uso kwa uso.

Binti yako

Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Mama yako amefariki jana jioni. Tunamzika kesho saa kumi. Panda basi la usiku.

Nilipokuandikia kwamba anaendelea vizuri, daktari alikuwa ameshaniambia figo zimekufa. Nilijua. Nilikuwa na hasira na wewe, tena sikutaka uchanganyikiwe, nikachagua maneno ya kukutuliza. Nichukie, una haki, hata mimi sijisamehe.

Alikuulizia Jumatatu. Jumanne akakuulizia tena. Jumatano hakuuliza.

Baba yako