Ukuta wa Nyuma ni wa Nani

Mjukuu wangu Swafiya,

Amani ya Mola ikufikie huko Nairobi. Sisi huku Amu tu wazima, ila magoti yangu yamekataa ngazi. Shangazi yako wa Pate amejifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Waniuliza: ikiwa jengo zima lina bima, ya nini kukata nyingine ya fleti yako?

Nilipokuwa msichana, sisi tulimiliki ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, na ya chini ilikuwa ya Bwana Athumani. Ukuta wa nyuma ukapasuka. Baba alishuka kumwomba waujenge pamoja.

"Ufa umeanzia yuu, kwenu," akasema Bwana Athumani.

"Lakini ukuta umesimama kwako," Baba akamjibu.

Wakaendelea kusalimiana msikitini, na ufa ukaendelea kupanuka. Mchana mmoja wa mvua ukuta ulianguka, na Mama alikuwa ndani. Mengine siyaandiki. Nyumba haikujengwa tena. Leo ni gofu.

Basi waulize wasimamizi bima yao yaishia wapi. Pengine ni kuta na paa tu, na vyombo vyako havimo. Maji yako yakimvujia jirani, nani atalipa? Uliza sasa, kisha ukate yako.

Hata hivyo sikudanganyi, mwanangu. Bima hujenga ukuta tu. Baba na Bwana Athumani walifukua mawe yale pamoja kwa mikono, na hakuna aliyeuliza tena ni ya nani.

Bibi yako,
Mwanaisha